Sauti Ndogo ya Kabula

Mpwa wangu Kabula, binti wa dada yangu wa kule Zagayu, ana sauti ndogo mno. Akiita ng'ombe, ng'ombe wanaendelea kula. Kwa hiyo wafanyakazi wa kiwanda chetu cha kuchambua pamba, hapa Bariadi, walipomchagua kuwa mwakilishi wao, nilicheka hadi nikakohoa. Nami niligombea, mlinzi wa geti, mwenye kifua, niliyefika darasa la tano bila kuburutwa! Nilipata kura mbili. Moja ilikuwa yangu. Aliyepiga ya pili bado namtafuta.

Msimu huu Mektilda, mama wa watoto wanne anayelisha pamba mashineni, aliitwa kwenye kikao cha nidhamu. Kitenge alichojifunga puani kuzuia vumbi kilinaswa na mkanda wa mashine. Akabonyeza kitufe cha kuzima mashine, kazi ikalala nusu siku. Meneja Joakim alitaka kumfukuza: nguo za kuning'inia ni marufuku, tangazo lipo ukutani.

Mwakilishi anaruhusiwa kuingia kikaoni na mfanyakazi aliyeitwa. Asubuhi ile nikamzuia Kabula getini.

"Mwangaluka, mjomba," akanisalimu Kisukuma.

"Mwangaluka. Sikiliza, ukiingia humo piga meza. Piga mpaka chai imwagike!"

"Ndivyo ulivyopata kura mbili, mjomba?"

Akapita. Kazi ya mlinzi ni kulinda, basi nikaenda kulinda dirisha la ofisi.

Kabula hakupiga meza. Alisoma barua ya mashtaka, akaikunja. "Meneja, naomba kikao kihamie kwenye mashine ya Mektilda."

"Ya nini?"

"Tuone kosa lilipotokea."

Wakaenda, nami nyuma yao. Mashine zinanguruma, vumbi la pamba limetanda kama ukungu. Kabula akamwambia Mektilda aeleze yote, asiharakishe. Mama yule akaeleza kama anasimulia harusi. Meneja akapiga chafya. Akapiga tena. Mwishowe akajifunga puani lile taulo dogo analofutia jasho, ncha zikaning'inia kifuani, akainama kuuangalia mkanda.

Kabula akamshika bega, akamvuta nyuma.

"Meneja," alisema kwa ile sauti ndogo. "Taulo lako."

Sote tukalitazama lile taulo. Ncha zake zilikuwa zimebakiza shubiri moja kuufikia mkanda.

"Barakoa tuliziomba mwezi wa sita," akaendelea. "Barua niliileta mimi, ukaisaini."

Nimeona fahali wa Mwandoya akivuka mto uliofurika. Nimeona lori la marobota likipinduka na dereva akatoka anacheka. Sijapata kuona mtu mzima ananywea hivyo bila kufokewa.

Meneja akafungua taulo taratibu. "Mektilda, rudi kazini. Barakoa zitakuja Jumatatu."

"Jumatatu asubuhi nitapita ofisini," alisema Kabula.

Nikasahau geti, nikasahau na kufunga mdomo. Mektilda akanipita akifuta machozi kwa kile kitenge kilichochanika.

"Mzee wa geti," akasema, "ile kura yako ya pili ilikuwa yangu. Usiitegemee tena."