Sikio Kifuani pa Elsie

Niliwahi kumwombea mwanamke kifo huko Facebook, kwa herufi kubwa, na Elsie akanijibu kwa moyo mwekundu.

Ngoja niwaeleze, maana hadi leo sijapona.

Naitwa Perez, nakaanga samaki Kariobangi. Elsie ni binti ya mume wangu, Gordon. Mama yake alifariki Elsie akiwa darasa la kwanza, nikamlea mimi. Siku hizi amepanga chumba mtaa wa Umoja na anaandika simulizi mtandaoni. Hata akaunti yangu alinifungulia yeye, ili nimsome.

Na nilisoma, jamani. Samaki waliungua nikisoma.

Kulikuwa na mama wa kambo humo, Roda. Roho ya kutu. Mtoto akikimbia kwenye vumbi, anafokewa. Paka wa mtoto anapelekwa kwa majirani huku mtoto akilia.

Nikajua tu ni jirani yetu aitwaye Wangu, amegeuzwa jina. Mimi naye hatuivi chungu kimoja, kwa hivyo nilicheka hadi nikamsomea mteja.

Nikaandika pale chini: HUYO MAMA AFE TUPUMZIKE.

Elsie akaweka moyo.

Sehemu iliyofuata, Roda anaingia chumbani mtoto akiwa amelala. Anamwekea sikio kifuani, anasikiliza kama bado anahema. Anangoja afe, abaki na nyumba.

Niliisoma tena.

Jirani yetu hajawahi kufanya hivyo. Ni mimi.

Mama yake Elsie alikufa kwa pumu, usingizini. Gordon hakutaka mtoto aambiwe, asije akaogopa kulala. Na kifua cha Elsie nacho kilikuwa kikipiga filimbi. Ndiyo maana vumbi. Ndiyo maana paka. Ndiyo maana sikio.

Na ule moyo mwekundu, aliuweka akijua ninamwombea nani kifo.

Nikampigia, nikamuuliza kwa nini mimi.

"Anti, hukuwahi nipenda," akasema. "Ulikuwa unangoja nikufe kama mathe aliyenizaa."

Nikamwambia yote.

"Mbona hukusema?"

"Baba yako alinikataza. Halafu nikazoea."

Akakata simu.

Jioni akatoa sehemu ya mwisho. Roda alikufa, akazikwa bila mtu kulia. Wasomaji wakashangilia. Mimi nikajililia mwenyewe, peke yangu jikoni.

Kesho yake simu ikaita. Alikuwa Elsie, lakini hakusema neno, nami sikumuuliza. Niliziba sikio la pili kwa sababu ya kelele za soko, nikamsikiliza akihema.

Kifua kilikuwa safi.

Nyinyi mnaoandika, mkimtia hadithini mtu msiyempenda, kumbukeni mnamjua upande uliowaumiza tu. Na wewe mlezi, kama unampenda mtoto, mwambie angali mdogo. Akikua atakuandika vile alivyokuona.