Mkoromo wa Baba

Nyumbani kwetu Mayfair, muigizaji ni mimi. Namuigiza mwalimu wa hesabu akitafuta miwani aliyoivaa. Namuigiza Mama akibembeleza bei madukani Fordsburg kwa Kiingereza cha Tanga. Lakini kilichonipa jina ni mkoromo wa Baba.

Utawala wa makaburu ulipokwisha, Baba alirudi kwao toka uhamishoni na vitu viwili: mke wa Kitanzania na mgongo mbovu. Mgongo huo ulikuwa na madaktari wawili, mmoja wa hospitali, mwingine wa kulipia karibu na msikiti. Kila mmoja alimwandikia vidonge vyake vya maumivu, na kila akirudi anaongezewa. Hakuna aliyejua kuwa ana mwenzake. Mama alikuwa akiwaringishia wageni: "Mume wangu ana madaktari wawili, shoga!"

Jumamosi moja nikatumwa duka la dawa kuchukua vidonge vya yule wa msikitini. Muuzaji, dada mfamasia wa Mombasa, akauliza, "Babako hajambo?"

"Hajambo. Analala kama trekta."

Nikamuonyesha. Khrrr. Khrrr. Kisha kimya. Kimya kabisa. Halafu nikaivuta pumzi kwa kishindo kama mtu aliyeibuka majini. Foleni nzima ilicheka. Yeye hakucheka.

"Hapo uliponyamaza, umeongeza chumvi?"

"Nimepunguza, dada. Kwa urefu wake halisi, wateja wangekukimbia."

Akaniuliza dawa nyingine anazokunywa Baba. Nikamtajia za hospitali. Akakirudisha kile kipakiti kabatini.

"Hizi na zile ni ukoo mmoja. Zinatuliza maumivu, zinatuliza na pumzi. Zikizidi, mtu anasahau kuvuta. Asizichanganye tena. Nampigia huyu daktari wake wa msikitini sasa hivi."

Nikiwa njiani nikamkumbuka rafiki wa Baba wa uhamishoni, aliyesumbuliwa na goti. Msibani kwake kila mtu alisema: kalala tu, hakuamka. Siku ile nilishangaa, mtu mzima analalaje tu akafa? Sasa nikajiuliza jingine: naye alikuwa na madaktari wangapi?

Baba aliponiona mikono mitupu aliwaka. "Mgongo ni wangu au wa huyo dada?"

"Wako, Baba. Na pumzi pia ni yako."

"Eish! Mtoto huyu!"

"Hebu mkoromee," Mama akasema. "Maskini, hajawahi kujisikia."

Nikajilaza kwenye kochi lake, mdomo wazi. Khrrr. Khrrr. Baba akatabasamu, akanisifu kwamba nimempatia hasa. Nikanyamaza. Safari hii sikupunguza kitu. Tabasamu likamtoka. Mama akaacha kukoroga chai. Baba akainama, sikio karibu na pua yangu.

"Haya, vuta basi."

Sikuvuta.

"Vuta, we mtoto! Vuta!"

Nikavuta. Baba akakaa chini, mkono kifuani, kana kwamba aliyezibwa pumzi ni yeye.

"Jumatatu tunakwenda hospitali," akasema baadaye. "Na wewe unakuja. Ukamkoromee daktari."