Jina la Vrbolaz

Daktari Vidosava Mitić alikuwa mtafiti wa magonjwa ya kurithi mjini Niš, nchini Serbia, na kwa miaka mingi nje ya maabara yake hakuna aliyemjua. Alikuwa mjane wa maneno machache, mvuta sigara, aliyekula bureki yake, andazi la nyama, kwa mtindi akiwa amesimama dirishani. Makala moja tu ndiyo iliyomtoa gizani.

Katika kijiji cha Vrbolaz, huko milimani, kulikuwa na koo ambazo watu wake wakifika makamo miguu huwakataa. Hupepesuka kama walevi, na mwisho wake ni kiti cha magurudumu. Vidosava alipanda huko kiangazi baada ya kiangazi, akanywa kahawa ya kila nyumba, akatoa watu damu, hadi akaigundua hitilafu yenyewe katika chembe za urithi. Makala ikatoka katika jarida kubwa. Ugonjwa akauita kwa jina la kijiji, kama walivyozoea wataalamu.

Makala ikashika moto. Wajapani waliinukuu, Wakanada waliinukuu. Chuo kikuu chake kilipima watu wake kwa idadi ya kunukuliwa, na Profesa Gradimir, mkuu wa idara, aliwaambia wageni, "Huyu ndiye anayetubeba." Vidosava mwenyewe alikuwa akifungua kompyuta kila asubuhi kuitazama ile idadi, hata kabla ya kahawa.

Siku moja alikuja Tihomir, mwenye duka wa Vrbolaz. Aliweka mezani chupa ya ajvari, rojo la pilipili hoho, ila kuketi akakataa.

"Nimekuja kukushukuru, daktari. Umetufanya mashuhuri."

"Kuna nini, bwana Tihomir?"

"Binti yangu Jagoda alikuwa aolewe mjini Leskovac. Mama wa kijana kaandika jina la kijiji chetu kwenye simu, ati aone kanisa. Kaona nini? Ugonjwa! Ugonjwa juu ya ugonjwa. Akasema mwanawe haoi kiti cha magurudumu."

"Lakini ukoo wenu hauna kitu. Damu yako niliipima mwenyewe."

"Basi nenda kamwambie yeye. Kawaambie na wanunuzi wa jibini, wanaouliza kama inaambukiza. Vijana wetu wakiulizwa kwao sasa hutaja kijiji cha jirani. Hebu nijibu, mama: ungeyakuta haya nyumbani kwako, ugonjwa ungeuita Mitić?"

Tihomir akavaa kofia yake, akaondoka.

Wiki nzima Vidosava alilizungusha jambo hilo kichwani. Kisha akaandika makala fupi ya kupendekeza jina jipya, litokanalo na protini iliyoharibika, na kuwaomba wenzake wote waliache lile la kijiji. Gradimir alipoisoma alimfuata mbio.

"Vida, una wazimu? Watu watatafuta jina jipya, makala yako ya zamani hawataiona! Na uprofesa wako unajadiliwa mwaka huu huu!"

"Najua."

"Kwa ajili ya uchumba mmoja? Uchumba huvunjika kila siku!"

"Si kwa makala yangu."

Akaituma.

Mambo yakawa kama alivyotabiri Gradimir. Idadi ilidumaa, na uprofesa akapewa mwingine. Baya zaidi, wengi waliendelea na jina la zamani. Vidosava akawa anawaandikia mmoja mmoja. Wachache walimwomba radhi. Mmoja alimjibu kwamba jina jipya linamvunja ulimi. Ilichukua miaka hadi orodha ya kimataifa ya magonjwa ilipolikubali. Yule kijana wa Leskovac hakurudi. Jagoda alifungua kiwanda kidogo cha jibini, na kwenye kila karatasi ya kufungia akaandika Vrbolaz kwa herufi kubwa.

Mwaka ule wa orodha, Tihomir alimwalika daktari nyumbani siku ya mtakatifu wa ukoo wake. Alimketisha karibu na mzee Blagoje, jirani, ambaye miguu yake ilikuwa imekwisha kazi zamani.

"Nasikia jina mmelibadili," mzee alisema huku akimmiminia rakia, pombe kali ya matunda.

"Tumelibadili, mzee."

"Na miguu?"

"Miguu bado."

"Aa! Kumbe mmeanza na kazi nyepesi."

Meza nzima iliangua kicheko. Vidosava naye alicheka, kisha akasogeza kiti na kumwuliza kama misuli humkaza anapolala. Mzee akaanza kumweleza, tangu mwanzo.