Plagi mpya na mzigo wa masika

Leo nusura niuze pikapu yangu bila sababu.

Mke wangu, Mama Tumaini, alishanionya: ikiendelea kunywa petroli hivi, tumuuzie kaka yake wa Kyimo. Mimi sitaki. Ndiyo inayotoa ndizi zetu Nkunga.

Basi asubuhi tukaenda gereji, Ibighi. Fundi akafungua plagi, ncha zimelika. Cheche ikiwa hafifu, petroli haiungui yote.

Muuzaji wa vipuri akanisifia plagi za ncha nne. "Mzee, hizi utasahau kituo cha mafuta."

Nikamwambia hapana. Plagi huchaguliwa kwa kitabu cha gari: urefu wake na kiwango chake cha joto. Ikiwa ndefu mno, pistoni itaigonga. Nilieleza taratibu, mpaka fundi akavuta kigoda.

Tukafunga zinazostahili. Injini ikatulia. Nikajiona nimeshinda.

Mama Tumaini akafunua turubai nyuma, aweke kapu lake. "Baba Tumaini, na haya?"

Mawe. Tuliyapakia wakati wa masika ili gari lisiteleze kwenye udongo wa Nkunga. Jua limerudi, nami bado nayapandisha milima yote.

Fundi akaniuliza, "Mwalimu, kitabu kinasemaje kuhusu mawe?"

Nimeyashusha mwenyewe, moja moja, mke wangu akinitazama.

"Haya," akasema, "tuione kwanza ikiwa nyepesi."

Shemeji, tafuta gari kwingine.

Nanyi wenzangu wa milimani, funueni turubai leo. Mmekuta nini?