Yowe Lisilo na Kasma

Siku ya kwanza kazini sikusema neno mpaka saa nane mchana. Nilikuwa nimetoka kidato cha nne, nimepata ukarani katika ofisi ya katibu tarafa Mwandoya, enzi hizo bado tuko chini ya mkoa wa Shinyanga. Katibu tarafa alikuwa mzee wa maneno machache kama mimi. Mwishowe akanisogezea daftari la matukio akasema, "Binti, mtu akija analia, mpe maji kwanza, ndipo umuulize jina. Wengi huanza na jina."

Nyumbani nilikuwa na daftari langu jingine, nikiandika niliyoshindwa kuyasema mbele za watu. Humo ndimo ninamochota haya, kwa ajili yenu mnaoingia kazi ya dharura leo na vishikwambi vyenu.

Wakati ule dharura haikuwa na fedha yake. Nyumba ikishika moto au mtoto akitumbukia kisimani, mtu hupiga mwano, ndilo yowe letu Wasukuma, na kila alisikiaye hutoka. Asiyetoka hutozwa na sungusungu, walinzi wa kijiji. Nilimshuhudia mwalimu mmoja, mgeni kutoka Bukoba, akitozwa mbuzi kwa sababu alibaki anasahihisha madaftari.

"Mimi ni mtumishi wa serikali," akajitetea.

"Na masikio yako nayo ni ya serikali?" wakamwuliza.

Akatoa mbuzi. Kisha akakaa akala nao.

Kutoka Mwandoya nilihamishiwa Lamadi, upande wa ziwani. Mkuu wa kituo cha uokoaji, mwanamke mkali kutoka Mbeya, alikuwa na boti ya uokoaji na kila robo mwaka alipigania mafuta yake. Alizoea kuniambia, "Mafuta ya dharura yaombwe kabla. Ukiomba baadaye, unaomba rambirambi."

Nilipofika halmashauri nilikuwa mratibu wa maafa, cheo kikubwa kwa mtu anayetetemeka akisimama mbele ya watu kumi. Mkubwa wangu alikuwa afisa mipango, mtu wa Tanga, mpole na mcheshi. Yeye ndiye aliyetupatia kasma. Kasma ni fungu lenye namba yake ndani ya bajeti, na kitu kisicho na kasma, hata kiwe cha lazima namna gani, hakinunuliwi. Fedha ya kasma ile ilitoka kwenye mapato ya ndani, hasa ushuru wa pamba. Tukaunda kikosi cha vijana sita wenye posho, na boza la maji linalovutwa na trekta, tukakiweka katika kijiji kimoja njia ya Dutwa.

Safari ya kwanza ya boza, umati wa watu waliotoka kwa yowe uliziba njia. Nikakasirika. Nikaandika tangazo kwa mkono wangu, nikalibandika kwenye kila ghala na kilabu: MSIPIGE YOWE. PIGENI SIMU.

Kiangazi kilichofuata, saa sita mchana, moto ulishika kwa mayu Kabula; mayu kwetu ni mama. Alikuwa mjane, na pamba yake yote ya msimu ilikuwa imeshindiliwa chumbani ikisubiri soko lifunguliwe. Simu tuliipokea mara moja. Ila trekta halikuwa na dizeli, na kibali cha mafuta kilihitaji sahihi mbili, na mwenye sahihi ya pili alikuwa safarini. Tulipofika, paa lilikuwa chini. Majirani walikuwa wamejipanga kwenye ua wa minyaa, wakitazama barabarani.

"Mbona hamkumwaga hata ndoo moja?" nikamwuliza mzee aliyekuwa mbele.

"Mayu, mlisema tusipige yowe. Tumepiga simu. Tumepiga mara nne."

Hakunikejeli. Afadhali angenikejeli.

Mayu Kabula alikuwa ameketi juu ya kinu kilicholazwa. Alisema tu kwamba walau mbuzi walikuwa machungani.

Kamati ya fedha ilikuwa ikutane wiki ile, na baadhi ya madiwani walishatangaza kwamba wataifuta kasma yetu. Afisa mipango aliniita ofisini, akafunga mlango.

"Dada yangu, andika barabara ilikuwa mbovu. Si uongo, barabara ni mbovu kweli. Ukilitaja tangazo, wanafuta yote, vijana sita wanarudi nyumbani. Na kosa si lako peke yako. Mimi nililipitisha."

Sikumwona kuwa mtu mbaya. Alikuwa anawaonea huruma vijana, na mimi pia. Niliandika taarifa mbili, moja ya barabara na moja ya tangazo, nikaingia kikaoni nimezibeba zote.

Diwani mmoja, mzee mwenye ng'ombe wengi, akaanza. "Mratibu, pamba ya mama yule tunaitoza ushuru kila msimu. Sasa imeungua sisi tukitazama. Tunalipia nini?"

Nikasimama. "Tunalipia watu sita wafanye kazi ya kijiji kizima. Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyewaandikia watu wasipige yowe."

"Sauti, mama. Huku nyuma hatusikii."

Ikabidi nikiri mara ya pili, kwa sauti kubwa.

Nikaendelea kwa kuwa nilishaanza. Nikawaomba wasiifute kasma, wanunue mafuta yakae kwenye mapipa kijijini, yasisubiri sahihi ya mtu. Wanunue ndoo na makoleo. Mwano urudi, na boza lije nyuma ya watu.

"Mwano una kasma?" diwani mwingine akauliza, wakacheka.

"Hauna," nikasema. "Ndoo ndizo zinazoweza kuwa nayo."

Waliibakiza nusu. Vijana wawili wakabaki na trekta, wanne wakaondolewa. Nilienda kwa mayu Kabula kumweleza kwamba tangazo lilikuwa la kwangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipa mchi nimsaidie kutwanga.

Sasa nimestaafu, naishi Bariadi. Kwenye kijiji kile moto umeshika mara kadhaa tangu hapo, ila boza likifika hukuta watu wanapangusa jasho. Kila bajeti kuna anayeuliza boza ni la nini ikiwa moto unazimwa bila hilo. Mjiandae na swali hilo, maana mkifanya kazi vizuri mtaonekana hamhitajiki.

Katika wale vijana wanne walioondolewa, watatu hunisalimia. Wa nne, Masanja, alikuwa amebakiza ng'ombe wawili kumaliza mahari, posho ikakatika na uchumba ukavunjika. Anatengeneza baiskeli Dutwa. Kwetu mdogo ndiye aanzaye salamu, lakini nikipita kwake huanza mimi. "Mwangaluka, Masanja." Yeye huendelea kukaza spoki. Juzi alinyanyua kichwa, akasema tairi la nyuma la baiskeli yangu limepungua upepo. Akachukua pampu, akalijaza, akaniruhusu niende. Salamu bado hajaitikia.