Shahidi wa Sandarusi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa penseli mbili, daftari na onyo. Bwana Mtafiti, Mzungu mrefu aliyekuja Kisarawe kuandika historia ya biashara ya sandarusi, alinikalisha barazani akaniambia kwa Kiswahili chake kizuri, "Karani, nataka maneno ya wazee. Maneno yako kaa nayo." Nilikuwa nimetoka shule ya kati na kichwa kikubwa, nikaudhika siku nzima.

Ninyi vijana mnaosomea historia mna vinasa sauti. Sisi tulikuwa na miguu na masikio. Sandarusi, kwa asiyeijua, ni utomvu wa miti ya kale uliogandia ardhini. Babu zetu waliichimba, wafanyabiashara wakaipeleka ng'ambo kutengenezea vanishi. Wazee hawakuwa na tarehe, basi tulizitafuta kwa njia nyingine: babu aliingia jando lini, bibi aliwekwa mwali lini. Ukimpata bibi aliyekuwa mwali ndani Wadachi, yaani Wajerumani, walipoingia, umepata umri wake, na wa mama yake unaukadiria. Kazi hiyo niliipenda mno, na nilikuwa hodari, sioni haya kusema.

Tulianza Chole, tukaenda Marui. Huko kila mzee alisema mashimo yalichimbwa na vijana wa ukoo. Bwana Mtafiti hakuridhika. Aliamini wachimbaji wengine walikuwa watu walionunuliwa, ila shahidi hakuwa naye. Nikampata mimi. Bi Tatu, mama mtu mzima aliyenipenda kwa kuwa nilimsaidia kupukuchua mahindi, alinieleza siku moja tukiwa wawili kwamba mama yake aliletwa kutoka bara akiwa msichana, akanunuliwa kwa jora la kitambaa cha merikani, akachimbishwa sandarusi. Baadaye aliyemnunua akamlea kama mtoto wake, na habari ikafukiwa.

"Jina langu usiliandike, mwanangu," alisema. "Shomari wangu ataharibikiwa."

Nilielewa. Kwetu Uzaramo ukoo ulihesabiwa kwa mama. Shomari, mwanawe, ndiye aliyetazamiwa kumrithi mjomba wake Mzee Kondo, ambaye mama yake alilelewa nyumba moja na mama wa Bi Tatu kama dada, uongozi wa ukoo na shamba la minazi. Ikijulikana kwamba bibi yake alinunuliwa, Shomari hana ukoo, na Mzee Kondo si mjomba wake tena. Nikamwahidi.

Jina sikuliandika. Niliandika "mwanamke mmoja wa Marui". Lakini ufundi ulinizidi akili, nikaongeza kwamba alikuwa mwali ndani Wadachi walipoingia, na kwamba nyumba yake iko ukingoni mwa mashimo ya zamani. Bila hayo ushahidi usingekuwa na wakati wala mahali. Nyumba ya namna hiyo pale kijijini ilikuwa moja tu.

Bwana Mtafiti alikuwa na desturi ya kuwasomea wazee yaliyoandikwa kabla hayajapelekwa kuchapwa, ili wathibitishe au wakanushe. Ni desturi nzuri. Watu wakakusanyika asubuhi, wanaume mbele, wanawake nyuma. Nilisoma mimi, naye akifuata kwenye nakala yake. Nilipofika ukurasa wa nne ndipo nilipoona nilichokifanya. Nikashusha sauti.

"Paza sauti, Karani," akasema. "Wazee hawasikii."

Nikasoma. Hakuna hata mmoja aliyegeuka kumtazama Bi Tatu, na hapo nikajua wote wamemtambua. Nadhani wazee walikuwa wakijua siku zote. Jambo linalojulikana bila kusemwa, watu huishi nalo.

Mzee Kondo akajibu taratibu, "Hayo, Bwana, sisi hatuyajui."

Bwana Mtafiti akanigeukia. Hakuwa mkali, alikuwa akifanya kazi yake. "Wewe ulisikia mwenyewe, au umekosea?"

Ningesema nimekosea, angeifuta mistari ile, pengine na kibarua changu kingeota nyasi, basi. Lakini niliogopa kuitwa karani mzushi mbele ya watu.

"Nilisikia," nikasema.

Maji yakishamwagika hayazoleki. Haukupita mwaka, ukoo ukamchagua mtu mwingine, na Shomari akamchukua mama yake wakahamia upande wa Mlandizi. Niliwafuata kuomba radhi. Bi Tatu alikuwa akipepeta mpunga. Nikamwamkia shikamoo, nikarudia. Mara ya tatu akachukua ungo wake akaingia ndani. Sijapata kuona aibu kama ile, na alifariki hajaniitikia.

Kitabu kilichapwa, nikatajwa kwenye shukrani. Kwa sifa hiyo nikawa msaidizi wa Bwana Mhifadhi wa Nyaraka mjini, na baada ya uhuru nikakikalia kiti chake hadi nilipostaafu. Sasa nipo Sofu, nafuga kuku. Wanafunzi huja kuniuliza mwanahistoria anatakiwa awe na nini. Huwajibu, ukweli, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa. Wakishaondoka hukaa na huzuni yangu. Nimewahi kusema uongo mwingi maishani, na hakuna unaonitesa kama ukweli ule mmoja.

Nanyi mnaosoma haya, msiende Marui kumtafuta Bi Tatu. Jina nimelibadili, kijiji nimekibadili, na nyumba ile haikuwa ukingoni mwa mashimo. Mkiuliza, wazee watawaambia hawajui, na safari hii watakuwa wanasema kweli.