Mazoezi ya Kupumua

Mama alibanika samaki Muhuru Bay tangu kabla sijazaliwa. Mbuta waliokataliwa na wanunuzi wakubwa, wale waliochubuka au kulala bila kununuliwa, waliletwa kwetu. Aliwapasua, akawapanga juu ya waya wa tanuri la udongo, akawasha kuni chini na kuinama kupuliza. Moshi huo ulitusomesha sote, na mimi nikaishia kufundisha Kiswahili katika shule moja upande wa Asumbi. Kikohozi chake cha alfajiri ndicho kilichotuamsha utotoni. Tulikizoea, tukadhani kila mama hukohoa hivyo.

Halafu akaanza kusimama njiani. Kutoka ufukweni hadi nyumbani ni kilima cha kitoto tu, lakini alikipanda akisimama mara kwa mara na kujifanya anafunga leso upya. Leso gani inayofunguka kila baada ya hatua chache? Nilimuuliza, akanijibu kwamba walimu hawana kazi.

Wifi yangu, mke wa kaka mkubwa, ndiye aliyempeleka hospitali mjini, kwa kuwa mimi nilikuwa nasimamia mitihani. Waligundua kwamba moshi wa miaka yote ile ulikuwa umeyaharibu mapafu na kuzibana njia za hewa. Wakampa dawa ya kuvuta kwa mdomo, wakamkataza tanuri, kisha wakampeleka kwa mtaalamu wa mazoezi. Huyo alikuwa binti wa Pwani, mwenye Kiswahili kile laini ambacho kwetu watu hukisikiliza kama wimbo bila kuyashika maneno. Alimwambia mama afanye mazoezi ya kupumua kila siku hadi atakaporudi.

Wifi alirudi nyumbani na neno moja la Kijaluo: yweyo. Daktari amesema mama afanye yweyo.

Sasa, yweyo ni kupumua. Yweyo pia ni kupumzika. Sisi tunapolima na mtu akatua jembe, tunasema anafanya yweyo, na hakuna anayejisumbua kuuliza kama anavuta pumzi au anakaa, kwa sababu anafanya yote mawili. Wifi hakudanganya. Alileta neno sahihi, na nyumba nzima ikalipokea kwa upande wake mtamu zaidi.

Basi mama akapumzishwa. Wake za kaka zangu walimwekea kiti chini ya upenu, wakamletea maji ya kuoga, wakamletea ugali, wakamvua hata viatu. Majirani walisifu. Mwanamke aliyelea wana hadi wakaoa hapaswi kushika ndoo, na zaidi akiwa mgonjwa. Alipojaribu kufagia, alinyang'anywa ufagio kwa heshima kubwa. Tarehe ya kurudi hospitali ilipita, maana mtu aliyeamriwa kupumzika hatikiswi barabarani.

Nilipofika likizo nilimkuta amenenepa usoni na kukonda miguuni. Kutoka kitini hadi chooni alihema kama aliyekimbia. Kila alipohema walimketisha zaidi, na kadiri walivyomketisha ndivyo alivyozidi kuhema. Niliona jambo haliendi sawa, lakini sikujua ni lipi, nikawa mkali kwa kila mtu, hata kwa kuku.

Kitu kimoja tu mama alikitaka. Mdogo wake aliolewa Kisegi, naye alibanika samaki maisha yake yote. Mama mdogo alikuwa akija kwetu kila baada ya mavuno, kisha akaacha kuja, na sauti yake kwenye simu ikawa inapungua. Boma lake liko juu, mahali pa mawe ambapo hata pikipiki huishia chini. "Nataka kupanda kwa ndugu yangu kwa miguu yangu," mama aliniambia, "kabla mmoja wetu hajapandishwa na watu." Alisema hivyo mikono ikiwa mapajani, bila machozi. Mimi ndiye niliyekwenda kulia nyuma ya jiko.

Nikampeleka tena hospitali mwenyewe. Yule binti alimbana kidoleni kifaa cha kupima hewa mwilini, akamwonyesha ukumbi mrefu, akamwomba atembee hadi mwisho na kurudi. Mama hakuondoka kitini.

"Daktari, si wewe ndio uliniambia nipumzike?" alisema, kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Mimi nimepumzika mzuri sana. Uliza huyu. Sijashika hata sufuria."

Binti alimtazama, kisha akanitazama mimi. "Mama, mimi nilisema upumue. Mazoezi ya kupumua."

"Ndio hiyo. Yweyo."

Nililielewa kosa hapo hapo. Hakuna aliyecheka. Binti alivuta kiti, akakaa mbele ya mama magoti yakikaribia kugusana, akatueleza upya, nami nikatafsiri sentensi kwa sentensi, nikitumia maneno mengi pale ambapo moja lingetosha.

Alisema mapafu yaliyoungua hayarudi, asitudanganye mtu. Shida ya mama haikuwa kuingiza hewa bali kuitoa: hewa ya zamani hunasa ndani, mpya ikikosa pa kukaa. Ndiyo maana avute taratibu kwa pua, kisha aitoe kwa midomo iliyobanwa, polepole, kama anayepuliza moto jikoni.

"Moto ndio ulinileta hapa," mama akasema. Binti akacheka kidogo, akaomba radhi, akabadilisha: kama anayepoza uji.

Halafu akaja kwenye miguu. Msuli usiofanya kazi husahau kazi, alisema, na ukiamshwa hudai hewa nyingi kwa jambo dogo. Mapafu ya mama hayawezi kuupa hewa hiyo. Lakini miguu, tofauti na mapafu, hufundishika hata uzeeni. Ikifundishwa, itatembea safari ile ile kwa hewa kidogo. Kuhema akitembea si dalili ya kufa. Aheme, asimame, apoze uji wake, aendelee.

Nyumbani palizuka vita. Wake za kaka zangu walinilaumu kwamba namtesa mzazi, na jirani mmoja aliuliza kama mshahara wa ualimu haunitoshi hata namtuma mama yangu maji. Nilijibu vibaya, na sijutii. Mama alitembea hadi mgomba wa kwanza, akasimama, akabana midomo. Kesho yake alifika mgomba wa mbali kidogo. Zilikuwapo siku alizokataa, na siku za baridi ya ziwa alizokohoa hadi nikaogopa. Lakini siku moja nilimwona amerudishiwa ufagio na hakuna aliyethubutu kumnyang'anya.

Tulikwenda Kisegi msimu wa kiangazi. Tulishuka pikipiki chini ya mawe, na mama akatangulia. Alipanda akisimama, midomo imebanwa, mkono kiunoni, wala hakuisingizia leso. Nilitembea nyuma yake nikiwa na fahari ambayo sijawahi kuipata darasani.

Wakwe wa mama mdogo, wake za wanawe, walitupokea kwa furaha, wakatuingiza ndani. Mama mdogo alikuwa amelala kwenye godoro safi, shuka limenyooshwa, mito imepangwa pande zote. Alikuwa mwembamba kiasi kwamba shuka halikuinuka. Alihema akiwa amelala tu. Alimtambua dada yake, akajaribu kunyanyua mkono, mkono ukarudi.

"Amekuwa hivi tangu lini?" nikauliza. "Mbona hamkumpeleka hospitali? Mbona mmemlaza?"

Mkwe mkubwa alishangaa. Alijibu kwa adabu, akimtazama mama na si mimi.

"Mama mkubwa, tunafuata ulivyosema. Ulimpigia simu ukasema mna ugonjwa mmoja, na daktari wako ameagiza yweyo. Tangu siku ile hatujamwacha aguse chochote. Hata kukaa tumemkataza."

Mama alikuwa bado amesimama mlangoni, kilima hakijamtoka kifuani. Alifungua mdomo ajibu, pumzi haikumtosha. Nilimshika mkono nikamketisha pembeni mwa godoro, nikataka kuwaambia mimi, naye akanizuia kwa kiganja. Alitaka aseme mwenyewe. Tukamsubiri sote, mama mdogo naye akimsubiri, macho yamemkazia.

"Msaidieni akae," akasema hatimaye. "Nilikosea. Msaidieni ndugu yangu akae."

Tulimwinua. Miguu yake ilipogusa sakafu haikushika, ikateleza mbele. Mama aliinama akaikamata kwa mikono yote miwili, akaanza kulia, na ilimbidi aache kulia ili apumue.